Namna ya Kulielewa na Kulitumia Neno la Kiingereza "Stupid" na Ndugu Zake

Mtu anayejifunza Kiingereza hulijua neno "stupid" mapema sana, kwa sababu ni tusi fupi, husikika kila mahali na ni rahisi kulirudia. Akifungua kamusi ataambiwa kuwa maana yake ni "-jinga" au "-pumbavu", na taabu huanzia hapo, kwa kuwa maneno hayo mawili ya Kiswahili hayana uzito mmoja, na neno la Kiingereza lenyewe hubadilika ukali kwa kadiri ya umbo la sentensi, ya anayelisema na ya kinachosemwa. Mwongozo huu ni wa msomaji anayesoma, kutafsiri au kuandika Kiingereza, ambaye angependa kutambua ni wapi neno hilo limebeba tusi, ni wapi limebeba mzaha, na ni wapi halimtukani mtu yeyote.

Tenganisha kwanza ujinga na upumbavu

Kabla ya kuligusa neno la Kiingereza, inafaa tupange vizuri maneno yetu wenyewe. Mjinga ni asiyejua, na asiyejua anaweza kufundishwa. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere alipoutaja ujinga pamoja na umaskini na maradhi kuwa maadui wa taifa, wananchi hawakuona kuwa wametukanwa, bali walikwenda kwenye madarasa ya kisomo. Methali isemayo kuwa mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani nayo inachukulia kwamba ujinga ni hali yenye mwisho. Katika miji ya pwani ya karne ya 19 neno mjinga lilitumika pia kwa mtumwa aliyefikishwa karibuni kutoka bara, ambaye hakuwa bado ameijua lugha wala desturi za mahali, na ukilitazama kwa jicho hilo utaona kuwa kiini chake ni ugeni katika maarifa, si upungufu wa akili.

Upumbavu ni jambo jingine. Mpumbavu anajua, au angepaswa kujua, ila hatumii anachokijua, na kwa hiyo kumwita mtu mpumbavu ni kumhukumu yeye mwenyewe. Mwezi Agosti 2015, katika uzinduzi wa kampeni za CCM kwenye viwanja vya Jangwani jijini Dar es Salaam, Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliwaita "wapumbavu" na "malofa" wale waliokuwa wakijinadi kuwa wanakuja kuikomboa nchi, na maneno hayo mawili yakazua mjadala mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya hotuba yake. Naamini kuwa kama angesema tu kwamba watu hao ni wajinga wa historia, angepingwa, lakini asingezua hasira zile.

Neno "stupid" linasimama katikati ya hayo mawili, likiegemea zaidi upande wa upumbavu. Halimwelezi mtu ambaye hajafundishwa. Anayetaka kusema kwa Kiingereza kwamba hajui jambo fulani asijiite "stupid", na wala asikimbilie "ignorant" kwa kuwa tu kamusi imeliandika mbele ya "mjinga". Neno "ignorant" katika maandishi ya kitaaluma ni kweli humaanisha asiyejua, lakini katika mazungumzo ya kila siku, hasa ya Waingereza, humaanisha pia mtu asiye na adabu, na ukimwambia mwenzako kuwa yeye ni "ignorant" atachukia sawasawa na aliyeitwa mshenzi. Kwa kutojua kwa kawaida, kauli salama ni "I don't know much about this", au "I wasn't aware of that", na kwa mtu wa tatu unaweza kusema kuwa yeye ni "uninformed", yaani hana taarifa.

Neno lilikotoka, na kwa nini asili yake inafaa kujulikana

Chimbuko la "stupid" ni kitenzi cha Kilatini "stupere", ambacho maana yake ni kuduwaa, kufa ganzi, kupigwa na bumbuazi. Kutokana na kitenzi hicho kulipatikana kivumishi "stupidus", kikapita Kifaransa, kikaingia Kiingereza katika karne ya 16, na kwa muda mrefu baada ya hapo Waingereza waliweza kumwita "stupid" mtu aliyepigwa na mshtuko mpaka akakosa la kusema, bila kukusudia kumdharau. Ndugu zake wa damu wamebaki na maana hiyo ya zamani: "stupor" ni hali ya kutojitambua, "stupefy" ni kumduwaza mtu, na "stupendous" ni sifa ya jambo kubwa la ajabu, ambalo alionaye huduwaa.

Kiswahili kimepita njia hiyohiyo. Kitenzi kupumbaa ni kuduwaa au kuzama katika jambo mpaka mtu akajisahau, na kutokana nacho tumepata mpumbavu. Kuzuzuka ni kushangaa na kukosa mwelekeo, na tuna zuzu. Hakuna aliyeazima kwa mwenzake hapa. Warumi na Waswahili, kila mmoja kwao, walimtazama mtu aliyesimama kinywa wazi wakafikia hukumu moja.

Jambo hili lina faida ya vitendo, kwa sababu bila kulijua msomaji atakwama kwenye baadhi ya misemo. Anapokuta "he drank himself stupid", asitafsiri kwamba mtu huyo alikunywa akawa mpumbavu. Maana yake ni kuwa alikunywa mpaka akawa hajitambui. Vivyo hivyo "I was bored stupid" ni kusema kuwa nilichoshwa mpaka nikapumbaa. Katika misemo ya namna hii neno huja mwisho, baada ya kitenzi, likionyesha mtu alivyoachwa na tendo.

Angalia neno limetundikwa wapi

Hii ndiyo hatua yenye mazao mengi kuliko zote. Ukali wa "stupid" unategemea sana kile linachokieleza, na anayejua kulihamisha kutoka kwa mtu kwenda kwenye kitendo ameshalipunguza nusu ya makali yake.

Kauli kali kuliko zote ni "You are stupid", kwa kuwa inatangaza kwamba ndivyo mtu alivyo, jana, leo na kesho. Ukiingiza "being", ukasema "You are being stupid", umebadilisha hukumu: sasa unasema kwamba mwenzako, ambaye kwa kawaida ana akili zake, kwa wakati huu anafanya mambo yasiyo na maana. Wanafunzi wengi wa Kiingereza hulipuuza neno hilo moja kwa sababu Kiswahili hakitofautishi hali hizo kwa njia hiyo. Sisi tungesema "wewe mpumbavu" kwa ile ya kwanza, na "sasa hapo unafanya upumbavu" kwa ya pili. Tafsiri inayozilinganisha kauli hizo mbili humgombanisha mtu na mwenzake bure.

Hatua ya tatu ya kushuka ni kulitundika neno kwenye tendo lenyewe, kama katika "That was a stupid thing to do", au kwenye wazo, kama "It's a stupid idea". Hapo mtu ameachwa nje, ingawa si mbali sana, kwa sababu mwenye wazo huwa amekaa palepale anasikia. Mtu anayejilaumu hutumia muundo wa "It was stupid of me to leave the door open", yaani nilifanya ujinga kuuacha mlango wazi. Kiungo sahihi hapa ni "of". Wengi wetu huandika "for me", pengine kwa kuvutwa na "kwa" ya Kiswahili, na ingawa msomaji ataelewa, sentensi huwa na lafudhi ya kigeni.

Kauli ya "Don't be stupid" inahitaji kuangaliwa peke yake, kwa sababu mara nyingi haikatazi upumbavu wowote. Rafiki anayesema kuwa atatembea usiku kucha ili asikusumbue kumpa mahali pa kulala anaweza kujibiwa "Don't be stupid, there's a spare bed", na maana yake ni "acha maneno yako, kitanda kipo". Waingereza wakitaka kuwa wapole zaidi husema "Don't be silly", na hiyo ndiyo kauli ambayo mgeni anaweza kuitumia bila woga anapokataa kulipwa, kushukuriwa kupita kiasi au kuombwa radhi kwa jambo dogo.

Kisha kuna "stupid" ya hasira, inayotangulia jina la kitu kisicho na akili tangu mwanzo: "this stupid door", "my stupid phone", "that stupid form". Mlango hauwezi kuwa mpumbavu. Neno linaeleza kero ya msemaji, si sifa ya mlango. Anayetafsiri asiandike "mlango huu mpumbavu", maana hakuna Mswahili anayeusemesha mlango hivyo. Kiswahili kina chombo chake cha kudunisha vitu, nacho ni kuvihamishia ngeli ya li-, kwa hiyo "limlango hili" au "lisimu hili" linakaribia sana hisia ya Kiingereza, na mahali pengine "mlango huu nao!" inatosha.

Kwa upande wa sarufi hakuna mengi. Maumbo "stupider" na "stupidest" ni sahihi, ingawa katika maandishi rasmi wengi hupendelea "more stupid" na "most stupid". Nomino yake ni "stupidity", na mtu anaweza pia kuitwa "stupid" moja kwa moja, kama katika "Hey, stupid!", jambo ambalo ni tusi la wazi isipokuwa kati ya ndugu au marafiki wa karibu mno. Kielezi "stupidly" ndicho kinachotaka uangalifu, kwa kuwa mahali pake katika sentensi hubadilisha maana. "Stupidly, he stared at the door" ni kusema kuwa kuutazama mlango lilikuwa kosa lake. "He stared stupidly at the door" ni kusema kuwa aliutazama mlango kwa macho ya mtu aliyeduwaa, na hapa tena ile maana ya Kilatini inachungulia.

Kielezi hichohicho kikitangulia kivumishi hugeuka kuwa neno la kuongezea nguvu tu. Bei iliyo "stupidly expensive" ni ghali kupita kiasi, na vijana wa Marekani huenda mbali zaidi wakasema kuwa fulani ni "stupid rich", yaani tajiri wa kutisha, au kuwa chakula ni "stupid good", yaani kitamu ajabu. Ni lugha ya mtaani, na mgeni aitambue tu bila kuiiga katika barua ya kuomba kazi.

Kuhusu matamshi, mkazo uko kwenye silabi ya kwanza. Waingereza hutia sauti ya "y" baada ya "t", kama "styupid", na wengine huikaza mpaka ikasikika "schupid". Wamarekani husema "stupid" kwa "u" ndefu isiyo na "y". Kosa letu la kawaida ni kuongeza irabu mwishoni, "stupidi", kwa sababu mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hivyo huhamia kwenye "pi", mahali ambapo Mwingereza hautarajii kabisa.

Nani anamwambia nani

Kati ya vijana wa London au Chicago "stupid" husemwa mara nyingi kwa siku bila mtu kukasirika, hasa likielekezwa kwa msemaji mwenyewe au kwa jambo. Hata hivyo, shule nyingi za watoto wadogo Uingereza na Marekani huwakataza watoto kuitana hivyo, na wazazi wengi huliweka kwenye orodha ya maneno mabaya ya nyumbani. Mtoto wa Kimarekani anayekwenda kushtaki kwamba mwenzake ametamka neno linaloanza na herufi S huenda analizungumzia hili hili.

Afrika Mashariki neno lina uzito mkubwa zaidi, na naona sababu moja ni njia lililopitia kufika kwetu. Halikuja kwa utani wa marafiki, bali lilishuka kutoka kwa bwana shamba, afisa na sajenti kwenda kwa kibarua, mpishi na askari, pamoja na ndugu yake "bloody fool", ambalo watu walilishika kwa masikio wakalifanya "bladifuli". Tusi linalojifunzwa kwa kutukanwa halisahauliki. Mpaka leo, mtu mzima wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam akiambiwa "stupid" na mtu aliye chini yake kwa umri, hata kama mazungumzo yote yalikuwa ya Kiingereza, hulisikia kama "mpumbavu" kamili, na mara nyingine kama "mshenzi". Kwa hiyo kijana aliyesoma ng'ambo akazoea kusema "that's so stupid" kwa kila kitu afanye uangalifu anaporudi nyumbani. Mbele ya mjomba, mwalimu au mkubwa wa kazi hakuna umbo la neno hili linalofaa, hata lile la kutundikwa kwenye wazo, na "Mzee, naomba tulitazame tena jambo hili" itamfikisha mbali zaidi.

Ofisini, hata kati ya Waingereza wenyewe, neno hili haliandikwi katika barua pepe. Uamuzi mbaya utaitwa "unwise" ikiwa mwandishi anataka kuwa mpole, "ill-advised" ikiwa anataka kudokeza kuwa waliouamua hawakufikiri vya kutosha, na "short-sighted" ikiwa anaona kuwa hawakutazama mbele. Hoja isiyoshikamana ataisema kuwa "doesn't make sense" au, kwa upole zaidi, atajifanya kuwa tatizo ni lake: "I'm not sure I follow". Mswahili aliyelelewa kusema kwa mafumbo hatapata shida kuzielewa adabu hizi.

Pahali pamoja tu neno hili linaruhusiwa hata mkutanoni, nalo ni pale mtu anapojishusha kabla ya kuuliza: "This may be a stupid question, but". Kauli hii inalingana kabisa na yetu, "Samahani, labda swali langu ni la kijinga", na msomaji aangalie kuwa hakuna anayesema swali lake ni la kipumbavu. Anayeuliza hajui, basi, na kutojua ni ujinga, ambao kwetu hauna aibu, na msemo wetu kuwa kuuliza si ujinga unakataa tu kwamba ni upumbavu.

Kuchagua kati ya visawe

Visawe vya "stupid" ni vingi mno, na hakuna viwili vilivyo sawa. Vilivyo vikubwa ni "silly", "foolish" na "dumb".

Neno "silly" ndilo pole kuliko yote, na historia yake ni ya kushangaza. Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha aliyebarikiwa au mwenye heri, kama ndugu yake wa Kijerumani "selig" anavyomaanisha mpaka leo. Aliyebarikiwa akaonekana hana hatia, asiye na hatia akaonekana wa kuhurumiwa, wa kuhurumiwa akaonekana dhaifu, na dhaifu akaishia kuonekana hana akili. Leo hutumika kwa mizaha ya watoto, kwa makosa madogo na kwa wapendwa. Wachezaji wa kriketi nao wanalo: mlinzi anayesimama karibu mno na mpigaji, mahali ambapo mpira unaweza kumvunja taya, huwa amesimama "silly point" au "silly mid-on". Kwa Kiswahili "silly" mara nyingi ni mambo ya kitoto, upuuzi au masihara, na ni nadra sana kuwa upumbavu.

Neno "foolish" ni rasmi na lina harufu ya maadili. Limetokana na neno la Kilatini lililomaanisha mfuko wa mivukuto, yaani mfuko uliojaa upepo mtupu. Hutumika kwa uamuzi unaokosa busara, si kwa kichwa kinachokosa uwezo, na ndiyo sababu Zaburi ya 14 humwita "fool" mtu anayesema moyoni kuwa hakuna Mungu, na Biblia ya Kiswahili ikamwita mpumbavu: hakuna anayepima akili zake hapo, kinachopimwa ni moyo wake. Lakini "fool" ni pia mtu aliyedanganywa akadanganyika, na kwa maana hiyo Kiswahili kimechagua neno la pili, kwa hiyo tarehe 1 Aprili kwetu ni Siku ya Wajinga. Wajinga ndio waliwao, kama wasemavyo watu, na aliyeliwa siku hiyo hana sababu ya kununa.

Neno "dumb" lilimaanisha bubu, na hiyo ndiyo maana yake ya kwanza katika Kiingereza. Maana ya kutokuwa na akili ilishamiri Marekani katika karne ya 19, ikisaidiwa na neno la Kijerumani "dumm" la wahamiaji wengi waliofika huko. Matokeo yake ni kwamba msemo wa zamani "deaf and dumb", uliokuwa ukitumika kwa viziwi, sasa unawaudhi, na mwandishi makini anauacha na kuandika "deaf" peke yake. Kiswahili kinapaswa kushukuru kwamba bubu wake hakupata mkosi huo. Kwa Mmarekani "dumb" ni jepesi kidogo kuliko "stupid", hasa kwa vitu na mambo; simu isiyo na intaneti, ambayo Tanzania huitwa kiswaswadu, kwao ni "dumbphone", na jina hilo halina dharau kubwa. Kujifanya hujui ni "play dumb", na sisi tuna kujitia hamnazo, ambayo kwa maoni yangu ni kauli yenye ladha zaidi.

Kundi la "idiot", "imbecile" na "moron" linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu watumiaji wengi hawajui kuwa maneno haya yalipata kuwa istilahi za hospitali na mahakama. "Idiot" lilianzia Kigiriki, ambako "idiotes" alikuwa raia wa kawaida asiye na wadhifa wala utaalamu. "Imbecile" limetoka kwenye Kilatini cha udhaifu. Mwaka 1910 mwanasaikolojia wa Marekani Henry Goddard, aliyekuwa akifanya kazi Vineland katika jimbo la New Jersey, alibuni neno "moron" kutokana na Kigiriki, akaliweka juu ya mawili yaliyokuwapo ili kupata ngazi tatu: "idiot" alikuwa mtu mzima ambaye akili zake zilikadiriwa kuwa chini ya za mtoto wa miaka 3, "imbecile" kati ya miaka 3 na 7, na "moron" kati ya miaka 8 na 12. Uingereza ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1913 iliyowapanga watu kwa majina ya namna hiyo, na majina hayo hayakuondolewa mpaka sheria ya afya ya akili ya mwaka 1959. Sheria za adhabu ambazo Waingereza waliziacha Kenya na Tanganyika nazo ziliyabeba maneno "idiot" na "imbecile" katika kifungu cha kuwalinda watu hao dhidi ya kuingiliwa kimwili.

Maneno hayo hayakubaki kwenye karatasi. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Buck dhidi ya Bell, iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi mwanamke aliyeitwa Carrie Buck bila ridhaa yake, na Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya "imbeciles" vinatosha. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa Carrie Buck alikuwa na akili za kawaida kabisa. Maneno yalipochafuka yalibadilishwa kwa "mentally retarded", nalo likachafuka uwanjani mwa shule, na mwaka 2010 Rais Barack Obama akatia saini Sheria ya Rosa iliyoliondoa katika sheria za shirikisho na kuweka "intellectual disability", yaani ulemavu wa akili. Mpaka sasa "idiot" na "moron" yamesahauliwa asili zao na hutumika kama matusi ya kawaida, lakini "retard" bado ni jeraha bichi, na asiye mwenyeji asilitumie hata kwa mzaha, hata akiwasikia wenyeji wakilitumia.

Waingereza wana hazina ndogo ya maneno ya nyumbani ambayo hayapaswi kukutia wasiwasi. "Daft", ambalo zamani lilimaanisha mpole na mnyenyekevu, ni karibu na "silly". "Twit", "plonker", "muppet" na "numpty" la Waskoti husemwa huku watu wakicheka, kama vijana wetu wanavyosema bwege, zoba au boya. "Thick", "dense" na "dim" ni makali zaidi, kwa kuwa humlenga mtu mwenyewe na uwezo wake wa kuelewa. Hapa kuna mtego wa kutafsiri: sisi humwita mtoto asiyeshika masomo kichwa kigumu, lakini "hard-headed" kwa Kiingereza ni sifa nzuri ya mtu asiyetawaliwa na hisia katika mambo ya fedha na biashara. Kichwa kigumu cha shuleni ni "slow" kwa upole au "thick" kwa ukali, na kichwa maji ni "airhead" au "empty-headed".

Kulihamishia Kiswahili

Mwenye kutafsiri ajiulize kwanza kama kuna mtu anayetukanwa. Kama hayupo, na neno limekwenda kwa kitu au limeongeza nguvu tu, atafute kauli ya kero au ya kukithiri, na aache kabisa ujinga na upumbavu. Kama yupo, aulize kama hukumu ni ya mtu au ya tendo, na kwa tendo "mambo ya kijinga" au "upuuzi" vitatosha mara nyingi. "Mpumbavu" abaki akiba kwa mahali ambapo msemaji wa Kiingereza angekuwa tayari kupigana kwa neno lake. Katika maandishi ya filamu yanayopita chini ya picha mtu hukutana mara kwa mara na "mpumbavu wewe" mahali ambapo mhusika alikuwa akimtania mpenzi wake, na mtazamaji anabaki akishangaa kwa nini msichana anacheka.

Jaribio zuri ni kauli mashuhuri ya siasa za Marekani. Katika kampeni ya Bill Clinton ya mwaka 1992, mpanga mikakati wake James Carville alibandika kwenye ukuta wa makao makuu yao mjini Little Rock maneno "The economy, stupid", ambayo watu waliyageuza kuwa "It's the economy, stupid" na wakayarudia mpaka leo. Anayedhani kuwa Carville aliwatukana wapinzani au wapiga kura amekosea. Maandishi yalikuwa ya ndani, ya kuwakumbusha wafanyakazi wa kampeni wasitoke nje ya mada. "Ni uchumi, mpumbavu wewe" ingeharibu kila kitu, kwa sababu ingempa msomaji picha ya ugomvi. "Ni uchumi, mjinga wewe" inakaribia, lakini bado ina ukavu. Ningeandika "Ni uchumi, bwana!", kwa kuwa "bwana" huyo wa mwisho wa sentensi ana kuharakisha kulekule, kukereka kidogo kulekule, na undugu uleule wa watu waliokesha chumba kimoja wakifanya kazi moja.